Cheni na Upanga Wake: Namba Tatu za Kujua Kabla ya Kununua

(Muziki wa kipindi. Unapanda, unashuka, unaendelea chinichini.)

MTANGAZAJI: Chukueni kalamu na karatasi, maana leo kuna namba za kuandika.

Leo tunazungumzia msumeno wa mnyororo, ile mashine ya kukatia miti ambayo wengi wetu tunaiita chenso. Mafundi seremala wanaitumia kupasua mbao, na vikundi vya kazi vinaitumia kuondoa miti iliyoangukia nyumba na barabara baada ya upepo mkali. Mara nyingi si mali ya mtu mmoja. Watu wamechanga, wakanunua mashine moja, na familia kadhaa zinakula kutokana nayo.

Sasa cheni imekwisha. Mmoja wenu anatumwa sokoni. Muuzaji anauliza: "Inchi ngapi?" Anajibu: "Inchi 20." Analipa na kurudi, lakini cheni haiingii. Au inaingia, kisha inaruka kazini. Pesa ya kikundi imepotea, na mwenye mashine yuko hatarini. Tatizo lilianzia kwenye jibu lile: inchi peke yake hazitoshi.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Kwanza tukubaliane majina. Lile bapa refu la chuma ambalo cheni inalizunguka, mafundi wengine huliita baa, wengine upanga. Sisi leo tutasema upanga. Ukingoni mwake kuna mfereji mwembamba unaozunguka. Itazame cheni. Juu ina meno ya kukata. Chini ina vipande vilivyochongoka vinavyoingia ndani ya mfereji. Hivyo tuviite ndimi. Vipande vyote vimeshikwa pamoja kwa riveti. Na kwenye mashine, karibu na klachi, kuna sproketi inayozishika zile ndimi na kuizungusha cheni, kama sproketi ya pikipiki.

Ili cheni ikubaliane na upanga, lazima namba tatu zilingane.

Namba ya kwanza ni hatua. Hii ni nafasi iliyopo kati ya riveti na riveti. Ipime hivi: chukua rula, pima kutoka katikati ya riveti ya kwanza hadi katikati ya riveti ya tatu, zikiwa zimefuatana, kisha gawanya kwa mbili. Hatua huandikwa kwa inchi. Zinazopatikana sana ni 0.325, 3/8 na 0.404. Kwa rula ya milimita, riveti tatu za cheni ya 0.325 zinachukua kama milimita 16 na nusu. Za 3/8 zinachukua karibu milimita 19. Za 0.404 zinachukua kama milimita 20 na nusu. Hatua ya cheni lazima ilingane na sproketi ya mashine, na pia na kile kigurudumu kidogo kilicho kwenye ncha ya upanga, kama upanga wako unacho. Zisipolingana, cheni inapanda juu ya meno ya sproketi, inaruka na kuyala.

Namba ya pili ni unene wa ulimi. Huu lazima ulingane na upana wa mfereji. Unene unaopatikana sana ni milimita 1.1, 1.3, 1.5 na 1.6. Tofauti ya 1.5 na 1.6 huwezi kuiona kwa macho, lakini mashine inaiona. Cheni ya 1.6 haiingii vizuri kwenye mfereji wa 1.5. Cheni ya 1.5 inaingia kwenye mfereji wa 1.6, na hapo ndipo watu hudanganyika. Inaingia, lakini inalala upande, inakata kwa kupinda, na inaumaliza upanga haraka.

Namba ya tatu ni idadi ya ndimi. Usipime urefu wa cheni mpya kwa kuilaza kando ya ile ya zamani, kwa sababu cheni ya zamani imekwisha kurefuka. Hesabu ndimi. Funga uzi kwenye ulimi wa kwanza ili usijichanganye, hesabu hadi urudi kwenye uzi, kisha mwenzako ahesabu tena.

Sasa utaona kwa nini inchi 20 hazitoshi. Mashine nyingi za bei nafuu zenye upanga wa inchi 20 hutumia cheni ya hatua 0.325, unene 1.5, yenye ndimi 76. Mashine nyingine kubwa zaidi, nazo za inchi 20, hutumia cheni ya hatua 3/8 yenye ndimi 72. Zote ni inchi 20, na hakuna inayoweza kukaa mahali pa mwenzake.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Namba hizi utazipata wapi? Fungua kifuniko cha pembeni, toa upanga, ufute kwa kitambaa. Kwenye mkia wake, upande unaofungwa kwenye mashine, mara nyingi namba zote tatu zimegongwa: hatua, unene na idadi ya ndimi. Kwenye cheni, watengenezaji wengi hugonga alama kwenye ndimi. Kwa mfano, cheni za Stihl zina tarakimu moja kwenye ulimi: 3 maana yake milimita 1.3, 5 ni 1.5, na 6 ni 1.6. Watengenezaji wengine wana alama zao, kwa hiyo soma pakiti.

Kama maandishi yamefutika, fanya hivi. Nenda sokoni na upanga wenyewe pamoja na cheni ya zamani. Kabla ya kulipa, ingiza ulimi wa cheni mpya kwenye mfereji, karibu na mkia wa upanga, ambako hapajalika sana. Uteleze bila kulazimishwa na bila kuchezacheza. Kisha pima riveti tatu, uhesabu ndimi. Muuzaji akikwambia, "Chukua tu, itaingia," mwambie ungoje kidogo, uijaribu mbele yake.

Baadhi ya maduka hukata cheni kutoka kwenye roli na kuiunga kwa idadi unayotaka. Hiyo ni kazi halali kama wana kifaa cha kuungia na riveti za cheni hiyohiyo. Usikubali cheni iliyoungwa kwa msumari au waya. Ikikatika kazini, inarushwa kama kombeo, kumwelekea mwenye mashine au aliye karibu.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Umepata cheni sahihi. Sasa itunze. Zima mashine, ngoja ipoe, vaa glovu. Meno ya kukata yaliyo upande wa juu wa upanga lazima yatazame mbele, kuelekea ncha. Legeza nati za kifuniko, inua ncha ya upanga kwa mkono, zungusha skrubu ya kukaza mpaka cheni iguse upande wa chini wa upanga. Ukiwa bado umeinua ncha, kaza nati. Ivute cheni kwa mkono uliovaa glovu: izunguke yote bila kukwama na bila kuning'inia. Cheni mpya hurefuka mapema, hivyo ikague mara kwa mara siku ya kwanza. Kama uliikaza ikiwa ya moto, ilegeze kabla ya kuiweka, kwa sababu chuma kikipoa hujikunja na kuvuta shafti na beringi za mashine.

Kuhusu oili ya cheni: tumia oili safi, tena ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo kama inapatikana. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari ina chembe za chuma zinazokula upanga na pampu, na ni mbaya kwa ngozi yako. Kujua kama oili inafika, elekeza ncha ya upanga juu ya karatasi nyeupe au gogo kavu bila kugusa, ongeza moto kidogo. Ukiona mstari wa matone, oili inafika. Usipouona, safisha tundu la oili na mfereji kwa waya mwembamba.

Kuhusu kunoa: itazame taka inayotoka kwenye mti. Vipande vikubwa maana yake meno ni makali. Vumbi kama unga maana yake ni butu, na ukiendelea kuisukuma mashine utaichosha na kujichosha mwenyewe. Tupa ya duara huchaguliwa kwa hatua ya cheni: milimita 4.8 kwa cheni ya 0.325, 5.2 au 5.5 kwa cheni ya 3/8, kama pakiti inavyosema, na 5.5 kwa cheni ya 0.404. Sukuma tupa upande mmoja tu, kutoka ndani ya jino kwenda nje, ukifuata mstari uliochorwa juu ya jino, ambao kwa cheni nyingi ni pembe ya nyuzi 30. Anza na jino fupi kuliko yote, na mengine yote yalingane nalo. Upande mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine, msumeno utakata kwa kupinda.

Mbele ya kila jino kuna kinundu kinachopima jino liume kiasi gani. Kwa cheni nyingi, kinundu kinatakiwa kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Usikishushe kwa kukisia ili mashine "ile zaidi". Inaweza kukurukia.

Na upanga wenyewe? Kila unaponoa cheni, ugeuze juu chini ili ulike pande zote mbili sawasawa. Kingo zikiota vinyuzi vya chuma, viondoe kwa tupa bapa. Ukiona rangi ya buluu ukingoni, ujue umepata joto kali: oili haifiki, au cheni ilikazwa kupita kiasi. Kagua na sproketi pia. Meno yake yakiwa na mikwaruzo ya kina cha nusu milimita au zaidi, ibadilishe. Sproketi mbovu itakula cheni mpya ndani ya muda mfupi, na mtailaumu cheni bure.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Kabla hatujaagana, neno la usalama. Sehemu ya juu ya ncha ya upanga ikigusa mti, mashine nzima inaruka nyuma kuelekea uso na shingo, kwa kasi ambayo hakuna mtu anayeweza kuiwahi. Kwa hiyo shika kwa mikono miwili, dole gumba la kushoto likizunguka mpini. Jaribu breki ya cheni kila asubuhi. Usikate juu ya usawa wa mabega. Vaa helmeti, miwani, buti ngumu na suruali ya kazi hiyo. Usifanye kazi peke yako, wala usiruhusu watoto kusogea.

Jambo jingine ni ruhusa. Kila nchi inayotupokea ina sheria zake za misitu na chombo kinachozisimamia: Tanzania kuna Wakala wa Huduma za Misitu, Kenya kuna Huduma ya Misitu, na Uganda kuna Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Kabla ya kukata mti wowote, hata ulioanguka, muulize kiongozi wa mtaa wako na ofisi ya kambi, mpate ruhusa kwa maandishi. Ugomvi wa miti kati yetu na wenyeji umeharibu ujirani katika sehemu nyingi, na mashine iliyonyang'anywa hailishi familia yoyote.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Hatua, unene na idadi ya ndimi za cheni yenu ni ngapi? Ziandikeni kwa rangi ndani ya kifuniko cha mashine, ili yeyote atakayetumwa sokoni azikute.
2. Nani kati yenu anahifadhi tupa, na ni ya milimita ngapi? Inalingana na cheni yenu?
3. Mtu akijeruhiwa kazini, nani atabaki naye, nani atakwenda kuita msaada, na zahanati ya karibu iko wapi?

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, muda wetu umekwisha. Wiki ijayo tutazungumzia kuchanganya petroli na oili ya mashine hizi, na kusafisha chujio la hewa. Kazi njema, na mrudi nyumbani salama.

(Muziki wa kipindi. Mwisho.)