Gitaa la Kilo Nne na Nusu, na Masikio ya Mzee

Mama watoto alilipandisha juu ya mizani ya bafuni, ile ninayojipimia kila mwezi kwa amri ya daktari wa sukari, akasoma namba kwa sauti nyumba nzima isikie: "Kilo nne na gramu mia sita! Mwalimu, umenunua gitaa au umenunua jiwe?"

Wajukuu wakacheka. Mimi nikanyamaza, maana jibu lake si fupi. Mtu wa miaka sitini na sita, mwenye bega bovu na kiinua mgongo cha ualimu, ana haja gani na gitaa la umeme zito kama mtoto mchanga aliyenona? Leo ninajibu, kwa sababu najua katika nyumba nyingi za wenzetu hapa Maskati kuna kijana anayeliomba gitaa, na mzazi asiyejua aanzie wapi. Kuna nyumba zetu pia ambazo muziki hauingii mlangoni. Hizo naziheshimu, na makala haya hayabishani nazo.

Nianze mbali kidogo. Mimi mzaliwa wa Mombasa, lakini sekondari nilisoma shule ya misheni huko bara, Kenya, miaka ya 1970. Watoto wa Kiarabu tulikuwa wanne tu. Tukiswali bwenini, na hakuna aliyetughasi. Bradha mmoja wa Kizungu alikuwa na gitaa la umeme, na Jumamosi alituruhusu kulishika kwa zamu, dakika kumi kumi. Redioni ilikuwa zamani za Simba Wanyika, ndugu wa Kinyonga waliotoka Tanga wakaja kuiteka Nairobi. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao, akiwemo mpigaji wa ridhimu Omar Shabani, wakajitenga wakaunda Les Wanyika. Gitaa lile la ridhimu, lisilopiga kelele wala kujionyesha, linazunguka tu chini ya waimbaji kama gurudumu, ndilo nililotaka kulijua.

Baba alisikia habari. Akasema neno moja tu: hapana. Nikaacha. Miaka ya themanini nikaja Oman kama wengi wetu, nikafundisha zaidi ya miaka thelathini, nikalea. Muziki uliobaki nyumbani ulikuwa udi wa marehemu ami yangu, ulioning'inia ukutani, nikiushusha usiku wa Alhamisi kuupapasa kidogo.

Basi miaka mitatu iliyopita udi ukaanza kuninyamazia. Nilidhani nyuzi zimechoka. Nikabadilisha nyuzi, hali ile ile. Mjukuu wangu wa miaka kumi na sita akaniambia, "Babu, udi unalia vizuri, wewe ndiye husikii." Nikaenda kupimwa. Daktari akanionyesha mstari kwenye karatasi: sauti nene nazisikia kama kijana, sauti za kati si mbaya, lakini sauti nyembamba za juu mstari unaporomoka kama jabali la Mutrah. Ndio uzee, akasema, na kelele za madarasani nazo huenda zimechangia. Ndege, kengele ya simu, herufi "s" katika maneno ya wajukuu, ule mkwaruzo wa risha juu ya uzi wa udi: hivyo vyote vilikuwa vinaniaga mmoja mmoja.

Nilikaa na habari hiyo miezi kadhaa bila kumwambia mtu. Udi nikauacha ukutani.

Magitaa mawili Al Khuwair

Tangazo nililikuta kwenye ubao wa supamaketi. Mhandisi Mwingereza amemaliza mkataba, anarudi kwao, anauza vitu: kochi, friji, baiskeli, magitaa mawili. Maskati ndivyo ilivyo, kila kiangazi watu wanaondoka na vitu vizuri vinabaki kwa bei ya huruma. Nikamchukua mjukuu tukaenda Al Khuwair.

Gitaa la kwanza lilikuwa jepesi, kilo tatu na robo hivi, la mtindo wa Telecaster aliouanzisha Leo Fender huko California mwanzoni mwa miaka ya 1950. Rial 180. La pili lilikuwa Les Paul la kampuni ya Gibson. Rial 330. Kwa kipimo, Les Paul jipya la daraja la juu huko Marekani hupita dola 2,000, yaani karibu rial 770 na zaidi. Mwenyewe akaligonga lile zito kwa kidole akasema, "Uzito huo ndio sauti yenyewe."

Hapo ualimu ukanipanda. Nimesikia maneno kama hayo tangu shuleni, na wauzaji wanayapenda mno. Je, ni kweli?

Kwa sisi watu wa udi, jambo lieleweke hivi. Udi ni mwepesi makusudi. Tumbo lake ni vipande vyembamba vya mbao vilivyounganishwa, uso wake mwembamba, na udi mzima hupata kiasi cha kilo moja, mara nyingi pungufu. Uzi ukipigwa, mbao zinatikisika na kuisukuma hewa, ndiyo sauti tunayoisikia. Lakini hakuna cha bure: nguvu ya uzi huliwa na mbao haraka, na sauti huzima upesi. Ndiyo maana mpigaji wa udi hakai kimya, risha yake inarudi tena na tena.

Gitaa la umeme zito ni kinyume chake. Mwili wake ni gogo, hauna tundu la sauti. Ukilipiga bila umeme husikii kitu zaidi ya mlio wa nzi. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana, na uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku unazalisha umeme mdogo, nao unakwenda kwenye amplifaya na kukuzwa. Mbao hazitakiwi kuimba, zinatakiwa zitulie, zisiunyang'anye uzi nguvu zake. Kwa hiyo sauti inakaa.

Huyo Les Paul alikuwa mpiga gitaa wa Marekani, aliyezaliwa 1915 akafariki 2009. Mnamo mwaka 1940 hivi alichukua nguzo ya mbao, akaifunga nyuzi na sumaku, akaiita Gogo. Kwa kuwa haikuonekana gitaa, akaibandika pande mbili za gitaa la kawaida ubavuni, iwe na sura tu. Gibson walimkatalia mwanzoni. Mwaka 1952 wakauza gitaa lenye jina lake, mwili wa mahogani, ndugu ya mkangazi wetu, na juu kibao cha mepo, mti mgumu wa nchi za baridi. Uzito wa mbao hizo ndio uliomchekesha mama watoto.

Mtihani wa kugeukia ukuta

Tukafanya mtihani. Mjukuu akashika saa ya simu, nikapiga uzi mmoja kwenye kila gitaa, tukahesabu hadi sauti ipotee. Jepesi sekunde tisa, zito sekunde kumi na nne. Mwenye mali akatabasamu.

Kisha nikageukia ukuta kama mwanafunzi aliyekosa, mjukuu akapiga bila kunitajia ni lipi. Mara kumi. Nilipatia tisa. Lile jepesi lilikuwa kavu na kali, na kwa masikio yangu nusu yake haipo, kama mtu anayezungumza nyuma ya mlango. Lile zito lilikuja nene, la mviringo, lina joto, na kila noti niliisikia yote, mwanzo wake na mwisho wake. Wallahi nilikuwa sijasikia noti nzima kwa miaka mitatu. Nikabaki nimeukodolea ukuta, sikutaka mtoto anione uso.

Lakini mtoto wa siku hizi hadanganyiki. Kwenye gitaa zito kuna swichi ya kuchagua sumaku, ya karibu na shingo au ya karibu na daraja la nyuzi. Akaisogeza hadi ile ya daraja, akapiga tena. Sauti ikageuka nyembamba, kali, karibu na ya lile jepesi. "Babu," akasema, "mbao ni zile zile na kilo ni zile zile. Ni sumaku."

Alikuwa na haki, kwa sehemu kubwa. Sumaku za gitaa hilo ni za waya wa jozi, zilizobuniwa na Seth Lover wa Gibson mwaka 1955. Koili mbili zinawekwa pamoja na kuunganishwa kwa namna ambayo mvumo wa umeme wa nyumbani unajifuta wenyewe. Faida ya pili ni kwamba ukali wa juu unapungua na unene wa kati unaongezeka. Ndiyo sauti iliyobaki masikioni mwangu. Uzito una mchango wake katika kuifanya sauti ikae, ila si mkubwa kama wauzaji wanavyodai, na mafundi wenyewe hawajaacha kubishana. Gibson wenyewe tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 walianza kutoboa matundu ndani ya miili ya magitaa hayo ili kupunguza kilo, na watu waliendelea kuyanunua.

Kwa hiyo nililinunua lile zito, lakini si kwa ajili ya kilo zake. Nililinunua kwa sababu nimelisikia. Kizuri chajiuza, ila mnunuzi naye awe na masikio, hata kama ni mabovu.

Kwa mzazi anayetaka kununua

Kwanza, msimamishe kijana na gitaa begani kwa nusu saa kabla ya kulipa. Kilo nne na nusu dakika ya kwanza si kitu, dakika ya thelathini ni mzigo wa bandarini. Nunua mkanda mpana, wa sentimita saba au zaidi. Mimi napiga nimekaa, na bado bega la kushoto linanikumbusha.

Pili, sikiliza bila amplifaya kwanza. Gitaa ambalo nyuzi zake zinakwaruza kwenye shingo au linazima baadhi ya noti halitaponywa na umeme. Angalia pia shingo haijapinda.

Tatu, angalia voltini za amplifaya. Hapa Oman umeme ni volti 240. Baadhi ya vifaa vya wageni vimetoka Marekani, kwenye volti 120. Ukichomeka moja kwa moja, moshi utatoka kabla ya muziki. Huyo mhandisi alikuwa na amplifaya ya aina hiyo, nikamwachia.

Nne, joto. Gitaa lisibaki kwenye buti la gari mwezi wa Juni hata kwa muda wa kuingia Lulu kununua mkate. Gundi inalainika, shingo inapinda. Na lisikae mbele ya upepo wa A/C usiku kucha, mbao zikikauka sana hupasuka.

Tano, na hili nalisema kama mwenye kidonda: masikio. Kazini, wataalamu wanaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukizidisha desibeli tatu, muda ule unakatwa nusu. Amplifaya ndogo ya chumbani inaupita mpaka huo kirahisi, na hedifoni pia. Kinachopotea hakirudi. Kijana atakuambia hasikii tatizo lolote, nami nilisema hivyo hivyo.

Usiku wa Alhamisi

Gitaa sasa liko sebuleni kwetu Mawaleh, juu ya stendi, mbali na dirisha. Usiku wa Alhamisi, baada ya Isha, nalipakata. Mwili wake unagusa mbavu, na noti nene naisikia kifuani kabla haijafika sikioni. Vidole vimekuwa vigumu, lakini lile gurudumu la ridhimu nililolifukuza Jumamosi kwa dakika kumi kumi nimeanza kulizungusha, polepole, kwa amplifaya ndogo iliyowekwa chini. Wanangu wanasema babu anarudia kitu kimoja. Ndio ridhimu hiyo.

Mjukuu alidhani nitampa yeye lile gitaa. Nikamwambia hapana, hilo ni langu, nimelingoja tangu kidato cha pili. Ila niliushusha udi wa ami kutoka ukutani nikamkabidhi. Alishangaa. Nikamweleza kwamba udi unataka mtu anayeusikia wote, na katika nyumba hii mtu huyo si mimi tena.

Sasa tunakaa pamoja, mimi na jiwe langu, yeye na udi wake. Ananiuliza majina ya nyimbo za kwetu na maana ya maneno yake, na kwa mara ya kwanza anauliza kwa Kiswahili, maana nyimbo hazijibiki kwa Kiingereza. Nyuzi za juu za udi zikienda kombo sizisikii. Yeye ndiye anayesimama, anakunja uso, anazungusha kigingi kidogo, kisha ananiambia, "Tayari, Babu. Endelea."