Miwa ya Omo na Samaki wa Turkana

Yanapozungumzwa maji ya Ziwa Turkana, aghalabu lawama huelekezwa kwa bwawa la Gibe III, lililozinduliwa nchini Ethiopia mwaka wa 2016. Naam, lilipokuwa likijazwa, kina cha ziwa kilishuka. Hata hivyo, bwawa la umeme huyarudisha maji mtoni baada ya kuizungusha mitambo. Miwa hairudishi. Mashamba ya Kuraz hunyweshwa kutoka Mto Omo, unaoliletea ziwa letu takriban asilimia 90 ya maji yake.

Joto likizidi, miwa hudai maji zaidi, na ziwa, lisilo na mto unaotoka humo, hupunguzwa zaidi na mvuke. Hasara hiyo haimo katika hesabu za kiwanda cha sukari. Humwangukia mvuvi wa Kalokol, ambaye samaki wake huzaana katika maji ya kina kifupi ya Ghuba ya Ferguson, mahali pa kwanza kukauka.

Mvua za 2019 na 2020 zililifurisha ziwa hata likameza makazi ya watu ufuoni. Wengi wakadhani hatari imepita. Walijipumbaza. Mwaka wa 2022 Kenya ilianza kununua umeme wa Ethiopia kwa mkataba wa miaka 25. Sioni kwa nini serikali hizo mbili zisiandikiane pia kiasi cha maji ambacho sharti kifike ziwani kila mwaka, kabla mashamba hayajapanuliwa.