Nyumba ya marehemu: tusiuze mbiombio

Ndugu watumishi, mama wajane, mu makambi yetu ya Likasi na Kolwezi nyumba ndiyo kitu kikubwa mutu wa mine anaachia batoto. Matanga ikiisha tu, bandugu ba marehemu banasema: tuuze, tugawanye.

Sheria ya jamaa ya 1987, yenye ilirekebishwa 2016, haisemi vile. Warithi wa kwanza ni batoto: ba ndoa, ba inje wenye baba alitambua akingali muzima, na wenye alichukua kisheria kuwa bake. Mujane naye ana haki ya kuendelea kukaa mu nyumba yenye walikaa pamoja. Asifukuzwe.

Tunawaambia wazi: feza ya nyumba ikigawanywa kwa batoto saba inaisha mbio, na fasi ya kurudia hakuna tena. Heri kupangisha annexe, masomo yalipwe kwanza, kila franka iandikwe mu kaye.

Kama lazima kuuza, warithi wote bakubali kwa maandiko, na certificat d'enregistrement ipite kwanza ku jina lao. Sahihi ya noko mumoja haitoshi.