Deni la Venisi na Kahawa ya Mauani

Kama una jamaa Ngara au Biharamulo mwenye mibuni, yamkini umekwisha kusikia juu ya butura. Mkulima amebanwa na karo au ugonjwa; mlanguzi humpa fedha kidogo leo, naye humwahidi kahawa ambayo ingali maua mtini. Siku ya mavuno bei hupanda, lakini kahawa si mali yake tena.

Mkasa wa jamaa hiyo uliandikwa Uingereza zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mwandishi wake, William Shakespeare, alizaliwa mwaka 1564 katika mji mdogo wa Stratford, mwana wa mshona glavu. Chuo kikuu hakukiona. Alioa akiwa na miaka 18, akapata watoto watatu, na mmoja wao, Hamnet, alifariki mwaka 1596 akiwa na miaka 11. Huko London alikuwa mwigizaji, mtunzi na mbia wa jumba la michezo la Globe. Alipofariki mwaka 1616 aliacha michezo ipatayo 37, mbali na mashairi.

Katika mchezo huo, Antonio anakopa dukati 3,000 kwa miezi mitatu ili rafiki yake Bassanio akapose. Mkopeshaji, Shylock, hadai riba. Deni lisipolipwa, atakata ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio. Habari zinafika kwamba merikebu zimezama, na Shylock anakwenda mahakamani na kisu. Portia, mke wa Bassanio, aliyejigeuza mwanasheria wa kiume, anaamua: nyama na ikatwe, lakini damu isimwagike hata tone, maana haikuandikwa katika mkataba.

Tusimfanye Shylock zimwi. Ni Myahudi aliyetemewa mate na Antonio yule yule anayekuja kumkopa.

Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwaka 1963 alikwisha kutoa tafsiri ya mchezo wa Julius Caesar, aliutoa huu kwa Kiswahili mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Jina la Kiingereza humtaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu aliuita *Mabepari wa Venisi*, na kwa maoni yangu neno hilo moja ni uhakiki kamili: Antonio mpole naye ametiwa kundini.

Kitabu hiki husomeka vizuri kwa sauti. Jumapili moja someni nyumbani kesi ile, binti akiwa Portia na baba Shylock; kisha mwulizeni mjomba aliyekuja kutoka Ngara yeye angesimama upande wa nani.