Hatimiliki Peke Yake Haimwokoi Mnyonge wa Mjini

Kila yanapobomolewa mabanda katika mojawapo ya miji yetu, na wenyewe wakaonekana wameketi kando ya barabara na magodoro yao, wasemaji wa kila namna hujitokeza na dawa moja tu: watu hawa wapewe hatimiliki. Mwanasiasa huiahidi hati hiyo jukwaani, mhubiri huiombea, na mwanafunzi wa kidato cha nne huiandika katika insha yake akiwa na hakika kwamba atapata alama. Sisemi kwamba dawa hiyo ni sumu. Ninasema tu kwamba imewahi kujaribiwa, na matokeo yake tunayaona kwa macho yetu tukipita Dandora.

Mradi wa Dandora jijini Nairobi ulianza mwaka wa 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Nia ilikuwa njema. Viwanja vipatavyo 6,000 vilipimwa, vikawekewa maji, vyoo na barabara, kisha vikagawiwa watu wa kipato cha chini ili kila mmoja ajijengee nyumba yake pole pole kadiri ya uwezo wake. Miaka haikwenda mingi kabla ya wengi wa waliogawiwa kuhama. Yupo aliyeuza kwa sababu ya karo, yupo aliyeuza kwa sababu ya ugonjwa, na yupo aliyetajiwa bei ambayo hakuwahi kuiota maishani mwake. Walionunua hawakuwa maskini. Palipokusudiwa kijumba cha familia moja leo pamesimama ghorofa za kupangisha, chumba kwa chumba, na yule aliyekusudiwa kuwa mwenye nyumba amerudi kuwa mpangaji, pengine mtaa wa pili tu kutoka pale.

Hapa ndipo penye fumbo ambalo wapenda hatimiliki hawataki kulitegua. Hati humpa mnyonge nguvu ya kukataa kufukuzwa, lakini papo hapo humpa mwenye fedha mlango wa kumtoa kwa hiari yake. Bei ya ardhi inapopanda, tinga la halmashauri halihitajiki tena.

Mapema katika miaka ya 1990 wakazi wa mtaa mmoja mjini Voi walilitambua jambo hilo kabla halijawafika. Mtaa wenyewe uliitwa Tanzania-Bondeni (jina hilo lisimtatize mwanafunzi wa jiografia, kwa kuwa mahali penyewe ni Taita-Taveta kwetu hapa). Palikuwa na nyumba zipatazo 530 katika eneo la hekta 22 hivi, na watu elfu kadhaa waliokuja kutafuta riziki katika mashamba ya mkonge, katika reli na katika biashara ndogo ndogo za mji ule wa njia panda. Hawakuwa na haki yoyote ya kisheria juu ya ardhi waliyoikalia. Sehemu yake ilikuwa mali ya shirika la reli na sehemu nyingine ilikuwa ya kampuni ya mkonge. Wizara ya Serikali za Mitaa, ikisaidiwa na Wajerumani kupitia shirika lao la GTZ, ilileta mradi wa kuendeleza miji midogo. Jambo la kutajwa kwa sifa ni kwamba wakazi waliulizwa wanataka kumiliki kwa njia gani. Walielezwa habari za hati za mtu mmoja mmoja, habari za ushirika, na habari za mfumo mgeni kabisa ambao Kenya haikuwa imewahi kuusikia, nao ni amana ya ardhi ya jamii. Wakauchagua huo mgeni.

Sababu yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Walihofu kwamba hati zikitoka tu, matajiri wa mjini na walanguzi wa ardhi wangefika na mabunda ya noti, na baada ya miaka michache mtaa ungekuwa wa watu wengine.

Amana hiyo hufanya kazi namna gani? Ardhi yote ya mtaa huwa mali ya chombo kimoja, kikiwa mikononi mwa wadhamini, nacho hakiruhusiwi kuiuza daima. Nyumba iliyosimama juu yake ni mali ya aliyeijenga. Mwenye nyumba hupewa mkataba wa muda mrefu wa kukitumia kiwanja, anaweza kuwarithisha watoto wake, anaweza kuongeza vyumba, na akitaka kuondoka anaweza kuuza nyumba yake. Kile asichoweza kuuza ni udongo ulio chini ya nyumba, wala ile thamani ambayo mji mzima umeuongezea udongo huo kwa barabara, maji na shule. Kule Voi kanuni zilitaka pia kwamba anayetaka kuuza aanze na chama cha wakazi kabla ya kumgeukia mtu wa nje.

Mwalimu wa hesabu atanivumilia nikitoa mfano. Katika mji wa Burlington, jimbo la Vermont nchini Marekani, amana ya namna hii ilianzishwa mwaka wa 1984 wakati Bernie Sanders alipokuwa meya, na baraza la mji likaitolea dola 200,000 za kuanzia. Kanuni yao ni kwamba mwenye nyumba anapouza hupata alichokilipa, pamoja na robo ya nyongeza ya thamani. Tulete kanuni hiyo katika shilingi zetu. Ukinunua kwa 1,000,000 na baada ya miaka kumi nyumba ikawa na thamani ya 3,000,000 sokoni, nyongeza ni 2,000,000 na robo yake ni 500,000. Utauza kwa 1,500,000. Hukutoka mikono mitupu, na anayekufuata amepata kwa nusu ya bei ya soko nyumba ambayo vinginevyo asingeisogelea. Naye akiondoka, hesabu huanza upya. Msaada uliotolewa mara moja tu na umma huwafaa wanunuzi wa vizazi na vizazi, badala ya kumezwa na yule wa kwanza.

Chimbuko la fikra hii halikuwa mjini wala halikuwa miongoni mwa watu wenye mali. Mwaka wa 1969 wapigania haki za Weusi katika jimbo la Georgia, akiwamo Charles Sherrod, walianzisha shamba la pamoja lililoitwa New Communities. Wakulima Weusi walikuwa wakitimuliwa mashambani kwa kosa la kujiandikisha kupiga kura, nao wakaona kwamba asiye na mahali pa kukanyaga hana uhuru. Walichota mawazo kutoka India, katika vuguvugu la Vinoba Bhave la kuviachia vijiji ardhi. Shamba lao lilikuwa na ekari zinazokaribia 5,700. Ukame uliwapiga, wakanyimwa mikopo ya serikali ambayo majirani wao Weupe walipewa, na mwaka wa 1985 wakalipoteza. Ilipofika 2009 walilipwa fidia ya dola milioni 12 kwa dhuluma ile. Wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kuhamia mijini, na leo Marekani ina amana zaidi ya mia mbili za aina hiyo.

Nimesema kwamba mfumo huu ni mgeni Kenya, lakini hapo nimesema nusu ya kweli. Mtu wa Mombasa akisikia kwamba nyumba inaweza kuwa ya mmoja na ardhi ikawa ya mwingine, hatashangaa hata kidogo. Majengo, Kisauni na Changamwe zimejaa kile ambacho wenyewe hukiita nyumba bila ardhi: mtu hujenga nyumba yake ya Kiswahili, huipangisha, huirithisha na hata huiuza, ilhali kila mwezi humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Desturi hiyo iliota mizizi baada ya sheria ya kikoloni ya 1908 ya kusajili haki za ardhi pwani, ambayo iliwatambua wachache na kuwaacha wengi wakiwa maskwota katika makao yao. Tofauti kati ya Majengo na Tanzania-Bondeni ni moja tu, nayo ni nani aliye mwenye ardhi. Kule Majengo ni kabaila anayeweza kukataa kupokea kodi kesho asubuhi, akauza na kumpa mwenye nyumba ilani ya kuondoa mawe yake. Katika amana, mwenye ardhi ni jumuiya ambayo mwenye nyumba mwenyewe ni mwanachama wake na ana kura ndani yake. Hata wakfu, ambao Waislamu wa pwani wameuzoea kwa karne nyingi, umejengwa juu ya msingi huo huo wa mali kuzuiwa isiuzwe ili manufaa yake yadumu.

Kwa nini basi mfano wa Voi haukuenea Kenya nzima? Jibu la kwanza ni sheria. Wakati ule hakuna kifungu chochote kilichoitambua amana ya namna hii, na wataalamu walilazimika kushona kiraka juu ya kiraka: chama kikasajiliwa kwa Sheria ya Vyama, wadhamini wakasajiliwa kwa sheria nyingine, kisha ukatafutwa mkataba mmoja mkubwa wa ardhi ambao chini yake mikataba midogo ya wakazi ingetolewa. Maafisa wa ardhi waliozoea kumwandikia mtu mmoja kiwanja kimoja hawakuwa na haraka na jambo wasilolifahamu. Makaratasi yalichukua miaka, na miaka huwachosha watu.

Jibu la pili liko ndani yetu. Mkenya huipenda hati yenye jina lake kama anavyompenda mwanawe. Benki nayo huipenda hati hiyo hiyo, na mkataba wa amana huupokea kwa shaka. Haikosi wakazi walioanza kunung'unika kwamba jirani wa mtaa wa pili amepata mkopo kwa hati yake ilhali wao wamefungwa. Manung'uniko hayo yana uzito. Aliye maskini ana haki ya kutamani mali kama tajiri, na asihubiriwe ujamaa na watu wenye viwanja vitatu Kitengela.

Jibu la tatu ndilo linalonitia hofu kubwa zaidi, nalo ni wadhamini wenyewe. Tunazijua kampuni za kununua ardhi za miaka ya 1960 na 1970, ambazo wanachama walichanga senti zao, wakurugenzi wakajigawia mashamba ya mtoni na kuwaachia wengine mawe. Tunayajua mashamba ya kikundi ya Umasaini yaliyoundwa kwa sheria ya 1968, jinsi kamati za baadhi yao zilivyojipimia vipande vinono yalipoanza kugawanywa. Mali ya wote inahitaji walinzi, na mlinzi wa Kenya anahitaji kulindwa. Wamarekani walilitambua tatizo hilo kwao pia. Kwa kawaida baraza la amana zao huwa na mafungu matatu: theluthi ya wanaokaa kwenye ardhi hiyo, theluthi ya majirani wasiokaa humo, na theluthi ya watu wa kuangalia maslahi ya umma, ili pasiwe na kundi moja linaloweza kukaa peke yake usiku na kupitisha uamuzi wa kuuza.

Lipo pia swali ambalo watetezi wa amana hulipita kimya. Kule Tanzania-Bondeni wengi walikaa katika nyumba walizozijenga wao wenyewe. Katika mabanda ya Nairobi walio wengi ni wapangaji, na mwenye banda huenda anaishi mbali kabisa. Ukianzisha amana kwa kuwatambua wenye mabanda, utakuwa umewapa ulinzi wa milele watu wasiouhitaji, na mpangaji atabaki pale pale alipokuwa. Amana ya Kibera au Mukuru haina budi kuanza na kitabu cha majina ya wanaolala humo, hata kama kazi hiyo italeta ugomvi.

Kisheria, leo mlango uko wazi kuliko mwaka wa 1991. Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba ardhi ya jamii inaweza kushikiliwa na watu waliounganishwa na kabila, na utamaduni, au na maslahi yanayofanana, na maneno hayo ya mwisho yanawatosha wakazi wa mtaa wenye makabila kumi. Mwaka wa 2017 Wanubi wa Kibera, waliotengewa na serikali ya kikoloni ekari zipatazo 4,197 mwaka wa 1918, walipokea hati moja ya pamoja ya ekari 288. Ekari zilizopotea katikati ni hadithi ya siku nyingine, lakini kwamba hati ya pamoja inaweza kutolewa ndani ya jiji la Nairobi, hilo sasa halina ubishi.

Mwalimu anayesoma haya ana sababu ya kulifuatilia jambo hili hata kama hajawahi kufika Voi. Kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Fedha hizo zinajenga nyumba, na nyumba zitauzwa kwa bei iliyopunguzwa kwa jasho la wengi. Mnunuzi wa kwanza tunamjua, ni yule aliyeomba akabahatika. Mwalimu aulize kuhusu mnunuzi wa pili na wa tatu, na bei watakayotajiwa. Voi yenyewe sasa ina stesheni ya reli mpya tangu 2017 na chuo kikuu, na wapangaji wanaotafuta vyumba pale ni wanafunzi wetu na walimu wenzetu waliopelekwa huko kufundisha.