Ndege Wageni wa Ziwa Victoria na Safari Yao ya Kurudi Ulaya

Katika nchi zilizo kando ya ghuba ya Speke, tangu Mwanza na Magu hata Bunda na visiwa vya Ukerewe, kila mwaka mwezi wa Februari na Machi watu huona ndege wengi kuliko desturi. Mbayuwayu hukaa safu safu juu ya nyaya za simu na za umeme. Korongo weupe hutembea mbugani makundi kwa makundi. Na katika majaruba ya mpunga vitwitwi wa kila namna hulia mchana kutwa. Kisha hata Aprili ikifika kati, mtu huangalia akaona nyaya ni tupu na mbuga ni tupu, wala hapana aliyewaona wakiaga. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu ndege hao ni nani, huenda wapi, na kwa nini majuma machache wanayokaa kwetu kabla ya kuondoka ni jambo kubwa kwao, na kwetu pia.

Kwanza yafaa kuwatenga wenyeji na wageni. Furukombe aliaye juu ya mti, mnandi akaushaye mabawa yake juu ya jiwe, mdiria na yangeyange, hao ni wenyeji. Huzaa hapa na kufa hapa. Wageni nao ni namna mbili. Wako wageni wa Afrika yenyewe, kama yule korongo mdogo mweusi mwenye tumbo jeupe, ambaye huzaa Sudan na nchi nyingine zilizo chini ya jangwa la Sahara wakati wa mvua zao, kisha huja kusini kufuata mvua zetu. Namna ya pili ni wageni wa mbali, watu wa Ulaya na Asia, na hao ndio habari yetu leo.

Mkubwa wao ni korongo mweupe, mwenye mabawa ya ncha nyeusi na mdomo na miguu myekundu. Mwingine ni mbayuwayu mwenye paji jekundu na mkia wa panda, ambaye uzito wake ni gramu 20 hivi, yaani kama vijiko vidogo vitano vya sukari. Wa tatu ni yule ndege mdogo wa manjano atembeaye katikati ya miguu ya ng'ombe, akitikisa mkia na kuokota wadudu wanaofukuzwa na kwato. Tena wako wale ndege weupe wembamba, jamaa ya shakwe, ambao huruka chini chini juu ya maji wakidonoa. Na mwisho yuko shakwe mwenyewe mwenye mgongo mweusi, ambaye wavuvi wamjua sana kwa kuwa hufuata mitumbwi yao. Shakwe huyo wengi wao hutoka Ufini, nchi iliyo kaskazini kabisa ya Ulaya, mbali na Mwanza kwa maili zaidi ya 4,000.

Mtu aweza kuuliza, Ndege aliyezaliwa Ufini yuaja kutafuta nini huku? Jibu ni chakula. Nchi zile wakati wa baridi jua huonekana kwa saa chache tu, maji ya maziwa huganda yakawa magumu hata watu hutembea juu yake, na wadudu hawaonekani hata mmoja. Ndege alaye nafaka aweza kuvumilia. Alaye wadudu hana budi kuondoka au kufa. Huku kwetu, miezi hiyo hiyo, nzi wa ziwani huinuka majini kama moshi, hasa karibu na mwezi mwandamo, na mbugani kuna panzi na viwavi. Basi huja kula. Lakini hawazai huku, maana huko kwao wakati wa kiangazi mchana ni mrefu mno, na mzazi hupata saa nyingi za kuwalisha watoto wake. Kwa hiyo baridi ya kule ikikaribia kwisha, nao huanza kujitengeneza kwa safari.

Watu wa Ulaya wenyewe walikaa karne nyingi hawalijui jambo hili. Walimwona mbayuwayu akipotea kabla ya baridi, wakasema hulala katika tope chini ya maziwa. Askofu mmoja wa Sweden, Olaus Magnus, alichapisha kitabu mwaka 1555 chenye picha ya wavuvi wakivua mbayuwayu kwa nyavu pamoja na samaki. Na katika karne ya 17 Mwingereza mmoja mwenye elimu, Charles Morton, aliandika ya kuwa ndege hao huenda mwezini. Basi mzee wa kijiji asemaye kwamba mbayuwayu huingia ardhini asichekwe na vijana wa shule, kwani yuko pamoja na maaskofu.

Aliyewafungua macho ni korongo. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz katika Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe, na watu walipomtazama waliona mkuki umemchoma shingoni ukatokea upande wa pili. Urefu wa mkuki ule ulizidi futi mbili, na wenye maarifa walipouchunguza walitambua kuwa mti wake na ufundi wake ni wa Afrika. Yaani ndege yule alichomwa huku, akaruka na mkuki wake juu ya jangwa na bahari na milima hata akafika kwao. Mwili wake umehifadhiwa katika chuo kikuu cha mji wa Rostock, na mkuki ungali pale pale. Wageni huenda kumtazama na kustaajabia nguvu zake. Sisi twaona ajabu nyingine: ndege aliyeokoka mkuki wa Afrika na njia yote ile, aliuawa alipofika nyumbani.

Baadaye ilipatikana njia iliyo bora kuliko mkuki. Mwalimu wa shule wa mji wa Viborg katika Denmark, jina lake Hans Christian Mortensen, mwaka 1899 alianza kuwavika ndege pete nyepesi za alumini miguuni, kila pete na namba yake. Waalimu wetu na waangalie kwamba kazi hii, ambayo sasa hufanywa katika dunia nzima, ilianzishwa na mwenzao. Mwezi wa Mei mwaka 1911 Mwingereza John Masefield alimvika pete mbayuwayu mmoja nyumbani kwake katika jimbo la Staffordshire. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 ndege yule alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika ya Kusini, na mwenye shamba akaandika barua kupeleka namba ya pete. Barua ile moja ilimaliza ubishi wa miaka mingi. Siku hizi wataalamu huwafunga ndege wakubwa, kama korongo na shakwe, chombo kidogo kipelekacho habari angani, nao huona kila siku ndege yuko wapi.

Sasa turudi ziwani kwetu. Mtu akitaka kujua kama wageni wako karibu kuondoka, asiangalie tarehe, awaangalie ndege wenyewe. Dalili ya kwanza ni mavazi. Yule mdogo wa manjano, aliyekuja mwezi wa Oktoba na rangi iliyofifia, mwezi wa Februari hutoa manyoya ya zamani, na dume huwa wa manjano kama ua la alizeti. Ndege weupe wembamba wa ziwani huanza kupata madoa meusi, hata mwezi wa Aprili vichwa na vifua vyao huwa vyeusi kabisa, na asiyewajua hudhani ni ndege wengine. Dalili ya pili ni unono. Ndege hula tangu alfajiri hata jioni, na mafuta hujikusanya chini ya ngozi, kifuani na tumboni. Wengine wadogo, wale wajifichao katika mafunjo, huongezeka hata kukaribia mara mbili ya uzito wao. Mafuta hayo ndiyo akiba ya njiani, kwani mbele yao kuna Sahara, ambako hapana maji wala mdudu kwa mamia ya maili. Ndege akiondoka kwetu amekonda, hawezi kufika.

Nani huwaambia kuwa wakati umefika? Hili ni swali gumu, maana huku kwetu karibu na ikweta mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima, wala habari ya baridi ya Ulaya haiwafikii. Mtaalamu wa Kijerumani, Eberhard Gwinner, katika miaka ya 1960 aliwaweka ndege wadogo katika vyumba ambavyo mwanga na joto havikubadilika kamwe. Hata hivyo majira ya safari yalipofika, ndege wale walianza kuhangaika usiku, wakirukaruka tunduni, wakanenepa pia. Ikaonekana kwamba wana saa ndani ya miili yao, iliyotiwa majira tangu kuzaliwa. Na njia huijua kwa jua, kwa nyota, na kwa ile nguvu ya dunia ivutayo sindano ya dira.

Korongo hasafiri usiku. Yeye ni mzito, apata kilo tatu na zaidi, na kupiga mabawa mchana kutwa kungemchosha. Basi hungoja jua lipashe ardhi moto, ndipo hupanda juu pamoja na hewa ya moto akizunguka zunguka, kisha huteleza mbele bila kupiga bawa. Hii ndiyo sababu watu wa mbugani huona makundi yao yakizunguka juu kama moshi wa kisulisuli karibu na saa nne za mchana. Na kwa kuwa juu ya bahari hapana hewa ya namna hiyo, korongo waliopita kwetu hawaikati bahari ya Mediterania. Huifuata nchi kavu: hushika bonde la Nili, Sudan na Misri, hupita Sinai na Palestina, hata Uturuki, na huvuka mlango mwembamba wa bahari penye mji wa Istanbul. Kwa siku moja aweza kwenda maili 150 au zaidi, akafika Ujerumani au Poland mwishoni mwa Machi au katika Aprili.

Tumesema kwamba jambo hili latuhusu sisi pia. Mkulima wa mahindi na mtama ajua hasara ya viwavi jeshi, ambao katika nchi yetu hutokea hasa kati ya Desemba na Aprili, miezi ile ile ya korongo. Korongo wakiona shamba au mbuga yenye viwavi au panzi hushuka kwa mamia, wakala hata wakashiba. Makaburu wa Afrika ya Kusini humwita ndege mkubwa wa nzige. Hatusemi ya kwamba korongo peke yao wataokoa shamba. Viwavi wakiwa wengi sana, ndege hawawezi. Lakini ni wafanyakazi wasiodai ujira.

Sasa yako mambo mabaya. Huko Bunyala, pwani ya ziwa upande wa Kenya, yamepatikana mashauri ya watu waliotia dawa kali ya kuulia wadudu, iitwayo kabofurani, ndani ya konokono, wakawaweka katika mashamba ya mpunga ili korongo na ndege wengine wa maji wale na kufa. Kisha waliwauza kuwa kitoweo. Mtu atatoa matumbo ya ndege, ataosha nyama, ataipika, akidhani sumu imetoka. Lakini dawa iliyopita katika damu haioshwi kwa maji. Ni dawa ya kushika mishipa ya fahamu: mtu hutokwa na mate na jasho, macho hufifia, pumzi hubana. Anayenunua ndege wengi wa maji sokoni, wasio na jeraha la risasi wala alama ya mtego, na aulize walikufaje. Na yeye akiona vitwitwi na korongo wamelala wafu pamoja kando ya jaruba, asiwaokote, asiwape mbwa, wala watoto wasiwashike kwa mikono mitupu; apeleke habari upesi kwa ofisi ya kijiji na kwa bwana shamba, kwa kuwa maji ya jaruba lile hushuka ziwani, na watu huyateka.

Kwa waalimu tuna shauri dogo. Daftari moja litoshe kwa shule nzima. Mwanafunzi mmoja aandike kila juma, tangu Februari hata mwisho wa Aprili, ni siku gani ya mwisho mbayuwayu wa mkia wa panda alionekana, na siku gani ya mwisho korongo mweupe, na siku gani wale weupe wa ziwani wamegeuka weusi. Mwezi wa Septemba na Oktoba aandike siku ya kwanza ya kurudi kwao. Baada ya miaka mitano shule itakuwa na habari zilizoandikwa za mahali pake yenyewe, ambazo si rahisi kuzipata katika kitabu.

Na mtu akimpata ndege mwenye pete mguuni, afanye hivi. Ndege akiwa hai, asiitoe pete, bali asome maneno na namba zote, hata zile ndogo, aziandike, kisha amwachilie. Ndege akiwa mfu, aitoe pete na kuinyosha, wala asiitie moto kufanya kipuli. Aandike jina la kijiji, tarehe, na jinsi ndege alivyoonekana: kwa wavu, kwa mtego, au amekufa mwenyewe. Haogopi kosa kwa kuandika ukweli, kwani watakao habari hiyo wataka kujua njia ya ndege. Karatasi hiyo aipeleke kwa afisa wa wanyamapori wa wilaya. Juu ya pete huandikwa jina la mji ilikotoka, mara nyingi kwa herufi kubwa; pete za Ufini, ambazo ndizo huonekana kwa shakwe wa ziwa letu, huandikwa Helsinki.