Kabla ya Kununua Kifaa cha Kupimia Gari Nyumbani

Taa ya manjano yenye umbo la injini iliwaka tulipokuwa tukirudi na watoto kutoka madrasa, magharibi ikikaribia. Injini ilitetemeka kila tuliposimama. Asubuhi yake tulilipeleka gari gereji. Fundi akalisikiliza kwa dakika chache, kisha akatuambia kuwa sensa ya oksijeni imekufa. Tukainunua, kwa fedha tulizoziweka kando kwa ajili ya ada ya muhula. Baada ya siku mbili taa ikarudi.

Fundi wa pili hakusema neno mpaka alipochomeka kifaa kidogo chini ya usukani. Kikaonyesha nambari P0301, yaani silinda ya kwanza haichomi mafuta sawasawa. Hakukimbilia kuagiza kipuri. Aliing'oa koili ya silinda ya kwanza, akaibadilisha nafasi na ile ya silinda ya pili, akafuta nambari na kuliwasha gari. Safari hii kifaa kikaandika P0302. Maradhi yalikuwa yamehama pamoja na koili, basi koili ndiyo iliyokuwa mbovu. Tangu siku ile tuliazimia kuwa na kifaa chetu nyumbani.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba si kila kifaa huzungumza na kila gari. Marekani iliwajibisha magari yake madogo yote kuwa na mfumo huu wa vipimo kuanzia toleo la 1996. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Lakini mengi ya magari yanayoshushwa katika bandari yetu ya Mombasa yaliundwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, na baadhi yake, hasa ya zamani, yana tundu lile lile lenye pini 16 ilhali lugha yake ya ndani ni nyingine. Kwa hiyo nenda dukani na gari lako, kijaribiwe hapo hapo kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, tafuta mwingine.

Kuna vile vidogo vinavyotuma habari kwenye simu kwa njia ya Bluetooth, na vile vyenye waya na kioo chake. Vya simu ni rahisi kwa bei, lakini vya bandia vimejaa, na baadhi havikubaliani na iPhone. Tena ukikiacha kwenye tundu siku nyingi bila kuendesha, chaweza kumaliza betri. Sisi tulichagua chenye waya, kwa kuwa gari letu huendeshwa na watu watatu na si kila mmoja ana subira ya kutafuta programu akiwa kando ya barabara.

Vifaa vya bei ya chini aghalabu husoma injini peke yake. Taa za breki za ABS na za mifuko ya hewa huhitaji kifaa cha gharama zaidi, na kwa maoni yetu hayo ni ya kumwachia fundi. Ila usikubali kifaa kisichoonyesha vipimo wakati injini inanguruma. Magari mengi madogo siku hizi hayana mshale wa joto, na katika foleni ya feri ya Likoni adhuhuri, ni faida kubwa kuona joto la maji limetulia karibu na nyuzi 90. Likipita 105 na kuendelea kupanda, zima kiyoyozi, utafute pa kusimama, wala usifungue kifuniko cha rejeta kingali moto. Betri nayo, injini ikiwaka, aghalabu husoma kati ya volti 13.5 na 14.5.

Nambari inayotaja sensa haimaanishi kuwa sensa imekufa. Kompyuta ya gari haikuridhika na habari iliyotoka upande huo, basi. Huku kwetu penye hewa ya chumvi, pengine ni kiungo cha waya tu kilichoota kutu ya kijani. Iandike nambari kwenye karatasi kabla ya kufuta chochote, mpe fundi kwa adabu, na umuulize atapima nini kabla ya kubadilisha kipuri. Tumekatazwa dhana mbaya, na fundi wetu wa kwanza hakutudanganya, alikisia. Lakini taa hiyo ikianza kumetameta, usingoje karatasi wala kalamu: punguza mwendo na usimame mahali pa salama.

Limebaki la kuuza na kununua. Wapo wanaofuta nambari usiku ili mnunuzi asione taa asubuhi. Hiyo ni ghushi, na muuzaji Mwislamu anajua hukumu yake. Mnunuzi naye asitazame taa pekee. Kumbukumbu ikifutwa, gari huanza upya kujipima lenyewe, na huhitaji safari kadhaa kumaliza. Kifaa kizuri huonyesha vipimo vipi havijakamilika. Ukivikuta vingi vimebaki, muulize mwenye gari ni lini betri iliondolewa au nambari zilifutwa, na umwombe uliendeshe siku mbili tatu kabla ya kutoa fedha.